Maji ya Baraka Kwenye Giaboksi

Juzi hapa Mbinga, mzee mkulima wa kahawa kutoka Mkumbi aliingia kwenye yadi ya magari yaliyotumika akiendesha kinyumenyume. Pikapu aliyouziwa hapo mwezi huo ilibakiwa na gia ya rivasi tu, na kahawa yake ilikuwa bado shambani.

"Shikamoo mzee. Mliipeleka kubarikiwa?" muuzaji aliuliza.

"Marahaba. Padri aliibariki."

"Basi maji ya baraka yameingia kwenye giaboksi."

Mimi, graduate wa sheria nisiye na ajira, nilikuwa nimesimama hapo yadini nikitazama magari, nikashindwa kunyamaza. "Bosi, mzee alikwambia anataka gari la kupandisha kahawa milimani?"

"Alisema. Nikamwambia hii inapanda hata ukuta!"

"Thank you. Ukishaambiwa kazi ya gari, sheria inataka gari liiweze, hata kama ni used. Litengeneze, au tukutane mahakamani."

Wateja wengine walikuwa wametega masikio. Muuzaji akaguna, akamwita fundi: "Shusha giaboksi. Nalipa mimi."

Kisha akaninong'oneza: "Mdogo wangu, una kazi?"

"Sina."

"Njoo hapa. Uwe unanifinya kabla sijaahidi."

Tangu nihitimu, aliyeona thamani ya sheria yangu ni huyo niliyemtishia nayo. Naanza Jumatatu.