Maji ya Udhu Katikati ya Vidole

Mama Batula, jirani yangu hapa Chechelesi, ameuza maziwa ya ngamia miaka ishirini na sijawahi kumwona akiogopa mtu. Siku aliponiita kwa sauti ya chini, nilijua kuna jambo.

"Sadiya, njoo unuse," alisema, akivua kiatu chake cha plastiki.

Nilinusa, kisha nikainama nitazame. Katikati ya vidole viwili vya mwisho ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imechanika.

"Inauma?"

"Hiyo ndiyo inanitisha. Haiumi hata kidogo."

Sote wawili tulimfikiria marehemu Tiya, dada yake wa Kulamawe. Naye, kama Batula, alikuwa na ugonjwa wa sukari, naye hakusikia maumivu, mpaka mguu ukakatwa chini ya goti. "Wataukata," Batula alirudia njia nzima ya kwenda zahanati.

Nesi Hamdi aliutazama mguu, akauliza, "Ukichukua udhu, unapanguza miguu?"

"Nipanguze baraka? Naacha maji ikauke yenyewe."

"Halafu?"

"Navaa soksi, navaa kiatu, narudi sokoni."

Mara tano kwa siku! Nilitaka kumfokea, lakini mama yangu pia hufanya hivyo hivyo.

"Mama, kitambaa haiharibu udhu," Hamdi alisema. "Lakini ukifungia maji ndani ya kiatu, fangasi inaota, ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia. Na kwa sababu ya sukari, wewe husikii."

Akampa dawa ya kupaka. Akamkataza kuosha miguu kwa maji moto na kutembea miguu tupu. Mafuta apake kwenye nyayo, asipake katikati ya vidole. Dawa za sukari asiruke hata siku moja. "Na uangalie kila siku. Ikivimba au ibadilike rangi, usingoje kesho."

"Haitakatwa?"

"Leo hapana. Umekuja mapema."

Batula alisikia lile neno "leo" tu.

Sasa anatembea na kitambaa cheupe begani, ili damu ikitoka ionekane. Hupanguza kidole baada ya kidole, kisha huniita nimkague, maana macho yake hayaoni vizuri. Mimi humtania kwamba hata bibi harusi hakaguliwi hivi. Hacheki.

Jana kidonda kilikuwa kimefunga kabisa. "Pako sawa, mama," nilimwambia.

Akanishika bega.

"Angalia tena, Sadiya. Mimi ndiye nilimwambia Tiya pako sawa."

Nikainama tena.