Alama Iliyofutwa kwa Kiatu

Mtu waliyemwita Mzee Rola alitunza kiwanja namba moja cha klabu ya tenisi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona ameketi kabla kazi haijaisha. Kiwanja kilikuwa cha udongo mwekundu. Udongo huo una tabia za mgonjwa: ukiunyima maji unapasuka, ukiuzidishia unateleza. Aliunywesha alfajiri, akaukandamiza kwa rola ya chuma iliyompa jina lake, akaburuta juu yake wavu uliochakaa mpaka ukalala sawa. Mwisho alipiga magoti na kukagua mistari, ambayo ilikuwa utepe mweupe uliopigiliwa misumari, akisukuma kwa kidole gumba kila msumari ulioinua kichwa.

Hakusoma sana, lakini alikuwa na kitu ambacho wenye vyeti wengi hawana. Neno lake lilikuwa moja. Wanachama wakibishana kama mpira uliangukia ndani au nje, walimwita yeye, na akishasema, raketi zilirudi mifukoni bila manung'uniko. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyepiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Wawili hao walikaa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya klabu, nyumba iliyokwenda pamoja na kazi, na hapo ndipo walipomlea mtoto wao wa pekee.

Mtoto huyo watu walimwita Kushoto, kwa mkono aliochezea. Mpinzani wake wa maisha aliitwa Nyundo, mtoto wa mwenyekiti wa klabu wa zama hizo. Walikutana katika fainali saba za ubingwa wa nchi. Nyundo alichukua nne, Kushoto tatu, na tangu hapo jiko la klabu halikupata amani.

"Nyundo alikuwa akipiga mpira, unauona ukiondoka, halafu unauona umeshafika ukutani," mpishi alikuwa akisema kila saa nne ya chai. "Hapo katikati ulipita wapi, muulize Mungu."

"Na nusu yake iliishia kwenye wavu," dereva wa klabu alimjibu. "Kushoto hakuwa na papara. Anakupeleka huku, anakurudisha kule, mpaka unajiuliza umekuja kucheza au kutafuta mbuzi aliyepotea."

"Makombe manne kwa matatu, ndugu yangu. Hesabu haina ushabiki."

"Lile la saba usilihesabu. Lile lilitolewa, halikushindwa."

"Basi nenda kalidai mahakamani."

Mzee Rola akiingia na kikombe chake, walihamia kwenye habari za mvua. Si kwa kumwogopa. Kushoto alikuwa amekufa miezi kumi na minne baada ya fainali ile ya saba. Aliacha kucheza bila kumweleza mtu sababu, akaajiriwa katika ghala la mbolea, na asubuhi moja lundo la magunia likamwangukia. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Fainali yenyewe kila mtu aliijua kwa moyo, hata waliozaliwa baadaye. Seti ya tatu, Kushoto anaongoza, amebakiza pointi moja tu awe bingwa. Nyundo anapiga mpira mrefu, unaangukia kwenye mstari wa nyuma au karibu nao. Msimamizi wa mstari anapaza sauti: nje. Watu wanainuka, wengine wameshaanza kukumbatiana. Nyundo anapinga. Kwenye udongo mwekundu mpira huacha alama, kwa hiyo mwamuzi anashuka kitini kuja kuikagua. Kabla hajafika, Kushoto anaifuta alama kwa kiatu chake. Katika mchezo ule, anayefuta alama amekubali mwenyewe kwamba mpira ulikuwa ndani. Pointi ikaenda kwa Nyundo. Watu walipiga makofi kumsifu kijana mkweli, kisha wakamtazama akipoteza gemu tatu mfululizo kama mtu aliyekwisha kuvua viatu.

Mzee Rola siku ile alikuwa amesimama nyuma ya kiwanja, hatua nne kutoka pale mpira ulipotua. Aliona ulikuwa nje kwa upana wa kidole. Hakumwambia mtu. Aliona kijana wake amekosea kwa kuzidisha uaminifu, na kumsahihisha mbele za watu kungekuwa kama kumvua nguo. Baadaye kijana akafa, na maneno yakakosa wa kuambiwa.

Mwaka wa kumi na tisa baada ya fainali ile, klabu ilitimiza miaka hamsini. Kamati ikaamua kutundika ukumbini ubao wa shaba wenye jina moja tu, la mchezaji bora kuliko wote waliowahi kukanyaga viwanja vyake. Wanachama wakapiga kura, kura zikagawanyika katikati. Wakapiga tena, zikagawanyika vilevile. Ndipo katibu, mwanamke kijana aliyependa mambo yaishe, alipomfuata Mzee Rola kwenye kibanda cha vifaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kamati imekubaliana. Kama mpira ule ulikuwa nje, Kushoto ndiye bora. Kama ulikuwa ndani, ni Nyundo. Na wote wanasema wewe uliona, na wewe hudanganyi hata kwa mwanao. Jumamosi uje utuambie."

Mzee Rola aliegemeza reki ukutani. "Nitakuja," alisema.

Siku tatu zile alitembea kama aliyepunguziwa miaka. Mwanawe alikuwa mkweli, na sasa angekuwa bora pia. Ukweli ulikuwa umekaa kifuani mwake muda wote huo kama nguo nzuri sandukuni, na siku ya kuivaa ilikuwa imefika.

Jumamosi mchana mkewe alimpigia pasi shati. Alipokuwa akingoja, alimweleza atakayoyasema. Mkewe aliendelea kupitisha pasi mahali palepale mpaka kitambaa kikaanza kunukia moto.

"Usiseme hivyo, Baba."

"Nisiseme kitu nilichokiona?"

"Ukisema ulikuwa nje, watauliza yeye aliuonaje ndani. Mtoto aliyekuwa akiona msumari uliolegea akiwa upande wa pili wa wavu. Watauliza, na jibu lipo."

"Jibu gani?"

Aliisimamisha pasi kwa kisigino chake, akaketi. Mwaka ule wa fainali, alisema, ulipolazwa na mgongo wiki sita, mke wa mwenyekiti alikuja hapa. Aliketi kiti hichohicho. Alisema klabu inatafuta mtu mwenye nguvu wa kuvuta rola, na nyumba itamfuata huyo mtu. Kisha akasema Nyundo anakwenda masomoni ng'ambo, na baba yake angefurahi aage na kombe mkononi. Hakuyaunganisha maneno hayo mawili. Aliyaweka tu mezani, akanywa maji, akaondoka.

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilimwambia mtoto. Nilimwambia, mwanangu, kombe hili liache."

Mzee Rola alilichukua shati mezani.

"Alijaribu kushindwa tangu seti ya pili," mkewe alisema. "Lakini Nyundo hakuwa anashinda, alikuwa anajishinda mwenyewe, kila mpira wavuni. Ikabaki ile pointi moja. Ungekuwa umelala mgongo mbovu chini ya mti wa nani leo? Mimi nilifikiria hilo tu. Sikujua kwamba hatashika raketi tena."

"Mwenyekiti alipokufa nililibeba jeneza lake," mumewe alisema polepole. "Nililia. Nilisema huyu alinivumilia nilipokuwa siwezi kuinama."

"Nilikuona."

"Na Nyundo anajua?"

"Hajui. Mtoto wetu aliniapisha nisimwambie yeyote, na wewe hasa."

Alivaa shati likiwa na doa la kahawia la pasi chini ya mfuko, akaondoka.

Ukumbini viti vilikuwa vimejaa. Mpishi na dereva walisimama mlangoni, kila mmoja na uso wa mtu anayesubiri hukumu ya kesi yake. Nyundo alikuwapo, amenenepa, nywele zimeingia mvi masikioni. Katibu alipomaliza kueleza sababu ya mkutano, Nyundo aliomba kusema kwanza.

"Mimi niliupiga mpira ule," alisema, "na mpira nilioupiga naujua mkononi. Ulikuwa mrefu. Nilipinga kwa sababu nilikuwa kijana na baba yangu alikuwa ananitazama. Miaka kumi na tisa nabeba kombe ambalo naamini si langu. Mzee, sema tu. Hutaniumiza. Utanipumzisha."

Watu walimpigia makofi, kwa kuwa ilikuwa hotuba ya kiungwana. Kisha wakageukia upande wa Mzee Rola.

Alisimama. Aliyaona yote mawili kwa mara moja, kama mtu aliyeshika ndoo mbili na njia inaruhusu moja. Akisema nje, jina la mwanawe lingeandikwa kwenye shaba, na kabla shaba haijapoa watu wangeanza kuuliza maswali. Wangefika kwa mama yake, kwa rola, kwa nyumba. Wangesema bingwa wao aliuza mchezo. Akisema ndani, kijana angebaki wa pili milele, lakini angebaki safi.

"Ulikuwa ndani," alisema. "Uligusa utepe. Mwanangu aliona sawasawa."

Nyundo alisogea mbele. "Una hakika, mzee?"

"Nilikuwa hatua nne."

Hakuna aliyeuliza zaidi, maana neno lake lilikuwa moja. Mpishi alimgonga dereva begani, na dereva akasema kwa sauti ndogo kwamba sawa, lakini kwa mkono wa nyuma bado Kushoto hana mfano. Nyundo hakukaa kwenye chai. Alionekana akiingia garini akiwa ameinamisha kichwa, mtu aliyepewa kitu alichokuja kukirudisha.

Katibu alimsindikiza Mzee Rola hadi ngazini. "Umetufundisha, mzee," alisema. "Baba mwingine angempendelea mwanawe."

"Mwanangu, nataka kukupa taarifa," alimjibu. "Mwisho wa mwezi naacha kazi. Nyumba mtafute wa kuiingia."

"Kwa nini? Hakuna aliyekuambia uondoke. Hata ukistaafu, kamati itakuachia mkae."

"Najua. Ndiyo maana natoka mwenyewe."

Alipofika kwake mkewe hakumwuliza alichosema. Alikisoma usoni. Alimwuliza kitu kimoja: watakwenda wapi.

"Kuna chumba kinapangishwa nyuma ya mashine ya kusaga. Nitapita Jumatatu."

"Hapo kuna kelele kutwa."

"Kelele nitazizoea," alisema. "Humu ndani kila nikigusa ukuta naona ameulipia mtoto."

Alisema hivyo bila ukali, na mkewe aliona afadhali angekuwa mkali. Tangu jioni hiyo walisemezana kwa adabu, kama wageni wawili waliopewa meza moja. Hakumlaumu hata siku moja. Mkewe alipomletea chakula alishukuru, jambo ambalo katika ndoa yao hakuwahi kulifanya, na kila shukrani ilimshukia mama yule kama jiwe.

Walihama Jumanne ya mwisho wa mwezi. Vitu havikuwa vingi: kitanda, masanduku mawili, meza, na kabati zito la mbao lililohitaji wanaume watatu. Mpishi na dereva walikuja kusaidia, na kabati halijatoka chumbani walikuwa wameshaanza.

"Ubao umeshatundikwa. Nenda kausome," mpishi alisema, akihema.

"Shaba haichezi tenisi," dereva alisema. "Watu wale wawili wakutane leo wakiwa na miaka ishirini, kiwanja cha udongo, nani anashinda? Mzee, hebu tuambie wewe uliyewaona wote. Bila ubao, bila kamati. Nani alikuwa mkubwa?"

Mke wa mzee, aliyekuwa amebeba masufuria, alisimama uani.

"Inua upande wako," Mzee Rola alisema. "Mlango ni mwembamba, na mtu mwingine anahamia kesho."