Gitaa la Besi Lililokwanguliwa

Gitaa langu la besi nililinunua sokoni Buyenzi, mtumba uliochoka, rangi imebabuka. Nilitaka lifanane na magitaa ya wanamuziki wa zamani, basi nikalisugua kwa msasa mgongoni na ubavuni, nikalipaka chai iliyokolea, nikajisifu. Ujinga mtupu! Wakati ule wa vita watu waliandika majina yao kwenye redio na baiskeli zao, na mporaji kazi yake ya kwanza ilikuwa kulikwangua jina.

Mchana mmoja nikienda mazoezini, mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani, mtaa wa Mutanga Nord, alilitoa gitaa kwenye mfuko, akapapasa pale penye msasa.

“Jina la mwenyewe umelifuta?”

“Apana, shefu. Ni langu. Nimelizeesha tu.”

“Mutu gani anazeesha kitu chake? Piga!”

Besi bila umeme haisikiki. Akainama, akabandika sikio kwenye ubao, mdomo wa bunduki ukinigusa goti. Nikapiga wimbo wa harusi. Akafumba macho. Wimbo ulipoisha nikauanza upya, kisha upya tena. Vidole vilikuwa vinawaka moto, lakini nani angethubutu kunyamaza?