Miezi Minne Nikiilaumu Kompyuta

Siku mke wangu alipomkwepa Shemeji mara saba mfululizo, ndipo nilipojua kwamba mimi ni mgonjwa.

Tulia. Shemeji si mtu.

Ni jitu la mikono minne, bosi wa tatu, yaani adui mkubwa anayelinda njia, kwenye gemu moja ngumu. Wachezaji tulimpa jina hilo kwa sababu ukishakutana naye hakuachii, na kila ukidhani mmemalizana anarudi na jambo jipya.

Mimi ni kinyozi, umri arobaini na moja. Kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni wananiita Kinyozi hivyo hivyo, na kwa miaka sita nimekuwa nikiandika maoni kuhusu gemu ngumu. Zile za kufa mara mia ndipo uvuke mlango mmoja.

Msimamo wangu ulijulikana. Gemu ngumu ya haki, ukifa unajua ulikosea wapi. Gemu ngumu ya ubabaishaji, ukifa unabaki unatazama skrini kama mtu aliyezabwa kofi na mpita njia. Na kila siku nilikuwa nawaambia watu: kabla hujailaumu gemu, angalia kompyuta yako. Joto, fremu za picha, kibodi. Nusu ya wanaolia kwamba gemu ni ngumu wanalilia mashine zao chakavu.

Walinisikiliza. Nikisifia kitu, kinanunuliwa. Nikikiponda, kinadoda.

Basi ikatoka hiyo gemu. Iliitwa Pango la Nane. Waliitengeneza watu wawili tu, kaka na dada, nyumbani kwao, kwa miaka mitano. Niliianza Jumatatu, siku ambayo saluni yetu hufungwa, na hadi adhuhuri nilikuwa nimeshaipenda. Bosi wa kwanza nilimpiga. Wa pili akanitoa jasho, nikampiga.

Shemeji akanishinda.

Kushindwa nimezoea. Kilichonikera ni namna. Anainua mkono, namwona kabisa, nabonyeza kitufe cha kukwepa kwa kidole gumba cha kushoto, na mtu wangu amesimama pale pale kama anasubiri basi. Kipigo kinamfikia. Kisha ndipo anaruka.

Ajabu ni kwamba upanga, ambao unaupiga kwa mausi, mkono wa kulia, ulikuwa unatii papo hapo.

Nikasema hii ni mashine.

Nikafanya yote niliyokuwa nawahubiria wengine. Nikafungua kasha la kompyuta, nikapuliza vumbi, nikapaka dawa mpya ya kupoza kwenye prosesa. Nikaongeza kumbukumbu, ile ram. Nikabadilisha kibodi mara mbili. Nikashusha ubora wa picha mpaka Shemeji akawa kama amefinyangwa kwa udongo. Fremu sitini kwa sekunde, hazitetereki.

Bado naruka nimechelewa.

Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta, jamaa mpole anayefanya kazi huku redio inaongea peke yake. Akaipima siku nzima. Alipoirudisha akaniambia haina tatizo lolote, ila kama nataka, anaweza kubadilisha kitu chochote ili moyo wangu utulie. Nikacheka. Sikumwelewa.

Kama mashine ni nzima, basi gemu ni mbovu. Ndivyo nilivyoona. Mlango wa tatu sikuuona kabisa.

Nikaandika. Na niliandika vizuri, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilisema kitufe cha kukwepa kinachelewa, nimepima kila kitu, hawa watu wameshindwa kutengeneza gemu ngumu wakatengeneza gemu mbovu na kuibatiza ugumu. Nikamalizia kwa neno moja: msinunue.

Ndani ya siku mbili wakajitokeza watu chungu nzima kusema hata kwao kitufe kinachelewa. Leo najua hakikuwa kinachelewa kwa mtu yeyote. Lakini mtu aliyeuawa na Shemeji mara tisini, ukimpa sababu isiyomhusu yeye mwenyewe, anaipokea kwa mikono miwili.

Yule dada mtengenezaji akanitumia ujumbe wa faragha. Heshima tupu. Aliomba radhi kwa usumbufu, akaniomba nimtumie faili ambalo gemu hulihifadhi, linaloonyesha kila kitufe kilibonyezwa lini, hadi sehemu ya sekunde. Nikamtumia. Baada ya wiki tatu akaomba lingine. Baada ya mwezi akaomba tena.

Kaka yake akawa anatoa masasisho. La kwanza, la pili, mpaka la sita. Kila likitoka nalijaribu, nauawa, narudi jukwaani kutangaza kwamba bado. Watu wanadai warudishiwe fedha zao. Nyota za gemu zinaporomoka.

Mara ya mwisho yule dada aliniandikia sentensi moja:

"Kaka Kinyozi, tafadhali mpe mtu unayemwamini acheze kwenye kompyuta yako, nawe ukae pembeni umtazame."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nikaona ananiambia sijui kucheza. Mimi, wa miaka sita. Nikaupiga picha ujumbe wake, nikaubandika jukwaani, na chini yake nikaandika: gemu yao mbovu, na dawa yao ni nitafute mchezaji mwingine.

Watu walicheka. Kisha wakamtukana yule dada siku tano mfululizo. Nilikuwa nasoma matusi yale saluni, kati ya mteja mmoja na mwingine, natabasamu.

Saluni yenyewe ilikuwa na habari zake. Mwenzangu wa kiti cha pili alishaniambia mara mbili kwamba siku hizi nadondosha sana kitana. Nikamjibu kwamba kina mafuta, kinateleza. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alisema mkono ninaomshikia kichwa umekuwa mzito kama ubao. Nikamwambia shingo yake ndiyo ngumu. Tukacheka, nikaendelea kunyoa.

Ikafika ile Jumatatu.

Mke wangu ni karani, kazi yake ni kuchapa barua shuleni. Gemu hachezi. Ila kwa miezi minne ya kunisikia nikiguna sebuleni, alikuwa anamjua Shemeji kuliko anavyowajua ndugu zangu. Siku hiyo alikuwa likizo, anakunja nguo, akaniona nairusha kibodi kwenye kochi.

"Hebu sogea," akasema. "Nami niione hiyo kompyuta yako mbovu."

Nilimpa kiti ili nipate shahidi. Hakika nilifurahi. Aliishika mausi kama mtu anayeshika samaki aliye hai, na upanga wake ulikuwa unakata hewa tu. Lakini Shemeji alipoinua mkono, akabonyeza, na yule mtu akaruka.

Papo hapo.

Shemeji akageuka, akainua mkono wa pili. Akaruka. Wa tatu. Wa nne. Ilipofika mara ya saba nilikuwa nimekaa sakafuni bila kujua nilikaa saa ngapi.

Kompyuta ile ile. Kibodi ile ile.

Hakushangilia. Alimwacha Shemeji amuue, akageuka, akautazama mkono wangu wa kushoto.

"Mume wangu," akasema taratibu, "mbona ukitembea mkono huu huupungi? Nilidhani ni maringo tu."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mwaka jana."

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mama mmoja anayeongea kwa sauti ya chini. Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka. Mkono wa kulia ulikwenda kama cherehani. Wa kushoto ulianza vizuri, kisha vidole vikawa vinafunguka kidogo, kidogo zaidi, vikapunguza mwendo, vikasimama. Mimi naviamuru viendelee, vyenyewe vimesimama.

Aliponiambia ni ule ugonjwa wa kutetemeka, nikamwambia mbona sitetemeki. Akanieleza kwamba si wote wanaoanza kwa kutetemeka. Wengine huanza kwa kupoteza wepesi. Ni ugonjwa wa ubongo, unaanza upande mmoja, kisha unahamia wa pili. Dawa za kupunguza makali zipo. Za kuponya hakuna.

Mke wangu akauliza kama tungewahi ingesaidia.

"Kuuzuia?" daktari akasema. "Hapana."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijifariji kwa jibu hilo. Kwamba sikupoteza kitu. Kwamba miezi minne ile haikumdhuru mtu.

Kisha nikamkumbuka yule dada.

Nilipofungua ukurasa wa gemu yao, nilikuta mistari miwili tu. Waliwashukuru wote waliocheza, na walisema hawataendelea. Gemu ilikuwa imeondolewa wiki tatu nyuma. Miaka mitano ya kazi, mistari miwili. Baadaye nilisikia kaka mtu amekwenda kupakia mizigo kwenye ghala.

Nikamwandikia dada yake. Nilimweleza kila kitu, kuanzia vidole vilivyosimama mbele ya daktari mpaka nilivyotabasamu saluni. Ilinichukua asubuhi nzima, maana mkono mmoja ndio ulikuwa unachapa, mwingine unasindikiza.

Alijibu siku ya nne. Naunakili ujumbe wake kama ulivyo, kwa ruhusa yake:

"Nilijua tangu faili la pili. Kidole gumba chako cha kushoto kilikuwa kinachelewa zaidi kila wiki, na mkono wa kulia haubadiliki. Baba yetu alianza hivyo hivyo. Mimi si daktari, na sikuweza kumwandikia jambo kama hilo mtu nisiyemjua, ndiyo maana nikaomba mtu wako wa karibu acheze ili ulione mwenyewe. Ulipoubandika ujumbe wangu, kaka alitaka tubandike mafaili yako ili tujitetee. Kila mtu angeona kosa si letu. Nilimkatalia, kwa sababu ungeusikia ugonjwa wako kutoka kwa watu wanaokucheka. Pole sana kaka. Nisamehe nilichelewa."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Nilimsomea mke wangu. Aliinuka akaenda kusimama dirishani, na mimi sikumfuata.

Nikarudi jukwaani, nikaandika ukweli wote, nikataja makosa yangu kwa mpangilio. Lile andiko langu la kwanza lilisomwa na watu elfu arobaini. Hili la kukiri lilisomwa na watu kumi na wanne tu, na mmoja wao aliuliza tu kama naijua gemu fulani mpya, maana anahisi kwake inakwama kwama. Nikamwandikia yule dada nikampa namba hizo. Akasema asante kwa kujaribu, lakini kaka yake hataki tena kusikia neno gemu ndani ya nyumba.

Mwezi uliopita mkono wa kulia nao ulianza. Mwenzangu wa kiti cha pili amechukua kazi zote za wembe. Aliniomba, kwa upole unaoumiza, niwe nakaa karibu na mlango nikiwapokea wateja. Nimekubali. Nawakaribisha, nawaonyesha pa kukaa, nawauliza habari za nyumbani.

Kama umesoma hadi hapa, chukua hili. Ukiwa na maneno makali juu ya kazi ya mikono ya mtu, kabla hujayatupa hadharani mwite anayekupenda, mpe kiti chako, nawe kaa pembeni uangalie kwa macho yako. Ni dakika kumi tu.

Niliombwa dakika hizo kwa heshima zote, nami nikaligeuza ombi kuwa kichekesho. Ugonjwa huu sikuuchagua. Lile lingine nililichagua mwenyewe, nikiwa mzima wa akili, mchana kweupe.