Matope ya Mfereji wa Miti

Bibiane alikuwa na kidimbwi kimoja cha samaki pale Miti, chini ya bonde la mashamba ya kabichi. Hicho ndicho kilichowalea watoto wake wanne tangu mumewe afariki. Maji yalimfikia kwa mfereji uliojaa majani na matope meusi ambayo wengi waliyaita uchafu tu. Aurore, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kutoka Bukavu kila mwezi kupima maji hayo, ndiye aliyemweleza vingine.

"Maman, mbolea yote ya kule juu inapita hapa," alisema, akichota tope. "Mu hii matope muko vidudu vidogo sana, macho haiwezi kuviona. Vinakula azoti, ile nguvu ya mbolea, vinaigeuza hewa, inaenda zake. Ndiyo maana mayi inakufikia muzuri."

Bibiane aliamini, maana samaki wake walinona.

Mvua zilipokaribia, kamati ya wakulima ikatangaza salongo, kazi ya pamoja ya kijiji: mfereji wote uchimbuliwe. Bibiane akamfuata rais wa kamati, Pascal, hadi kwenye shamba lake la kabichi, shu kama wanavyoziita.

"Papa Pascal, nakuomba, muniachie hata kipande ya mwisho."

"Maman Bibiane, mwaka jana mfereji uliziba, shu zetu zote zilioza mu mayi. Wewe uko na samaki. Siye tuko na nini?"

Jumamosi watu thelathini walishuka na majembe, wakakwangua mpaka udongo mwekundu ukaonekana.

Baada ya mvua chache kidimbwi kikawa kijani kibichi. Asubuhi moja akawakuta samaki juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Aliingia hadi kiunoni na beseni, akachota maji na kuyamwaga ili yapate hewa, akachota na kumwaga, akiwaita wanawe. Ilipofika saa nne, matumbo meupe yalikuwa yamefunika maji.

Aurore alipokuja, alipima, kisha akapima tena.

"Sema tu," Bibiane akamwambia.

"Azoti inaingia kule juu, inatoka huku vilevile. Hakuna kitu iliikula. Ndiyo imeotesha hii kijani, na kijani ndiyo imemaliza hewa ya samaki mu mayi."

"Vile vidudu vitarudi lini?"

"Majani ikiota, matope ikijaa tena... Sijui, maman. Pengine mwaka, pengine mbili."

Bibiane akashuka mferejini, akaanza kurudisha kwa mikono tope lililotupwa ukingoni. Pascal alipita, akasimama, hakumkataza wala hakumsaidia. Mvua ya jioni ikalizoa lote. Kesho yake akashuka tena.