Neno Lililomshinda Gunborg

Huku kwetu kaskazini, ambako ziwa huganda kabla watoto hawajamaliza muhula, maneno makubwa hayana soko. Baridi ikikata masikio tunasema kumepoa kidogo. Mtu akijikata mguu kwa msumeno msituni mpaka mfupa uonekane, atawaambia wenzake amejikwaruza, kisha atauliza kama kuna kahawa iliyobaki. Ninyi mkiulizwa habari hujibu nzuri, halafu ndipo mnasema mtoto anaumwa na paa limeanguka. Sisi hatufiki huko. Tunaishia kwenye nzuri, na hata hiyo nzuri tunaiona ni majivuno, kwa hiyo tunasema si mbaya. Ndiyo nayo hatuitamki. Tunavuta tu pumzi ndani kwa midomo, fyup, na aliyeuliza anaelewa.

Hayo yana raha yake mpaka siku mtu anapohitaji kuokolewa.

Gunborg alihitaji kuokolewa. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushee, mwembamba, mwenye mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe ujana wake wote. Mumewe, Holger, alikuwa amekokota magogo kwa farasi na baadaye kwa trekta, mtu wa miraba minne, mpole. Sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, mwili ukabaki na nguvu zake zote. Aliamka usiku kwenda kuwalisha farasi waliokufa zamani, na Gunborg akimzuia mlangoni alimsukuma ukutani, maana kwake yeye huyo alikuwa mwanamke mgeni anayemzuia mtu na kazi yake. Chini ya mikono ya sweta Gunborg alijaa michubuko. Alilala kwenye kiti alichokiegemeza mlangoni, kama huko kunaitwa kulala.

Kilichoweza kumwokoa ni kitanda kimoja katika nyumba ya wazee ya manispaa, Holger akatunzwe huko na watu wenye nguvu. Mwenye kukigawa alikuwa afisa wa ustawi, binti aitwaye Filippa, mzaliwa wa kusini kabisa, ambako mtu akiumwa jino mtaa mzima unapata habari.

Filippa alikuja mara ya kwanza wakati majani yanapukutika. Gunborg akafanya ujinga ambao kila mwanamke wa huku angeufanya: alisugua sakafu mpaka ikang'aa, akamnyoa Holger, akaoka biskuti za aina saba, kwa sababu mgeni wa heshima hawekewi pungufu ya saba.

"Usiku analala, mama?" Filippa aliuliza.

"Huamkaamka."

"Na wewe unapata kupumzika?"

"Si haba."

"Kwa hiyo mnamudu?"

Gunborg akavuta pumzi, fyup.

Filippa hakuwa mjinga. Alishajua kwamba hiyo ni ndiyo, akaichukua kuwa ndiyo, akala biskuti zake na kwenda. Kitanda kikapewa mzee mwingine, ambaye binti yake alilia mbele ya afisa mpaka leso zikamwishia. Mtu wa kijijini angelisikia lile "huamkaamka" angeshika simu papo hapo. Lakini watu wa kijijini hawagawi vitanda.

Kisha ikaja Januari. Mchana mmoja Gunborg alikwenda bandani kuchukua kuni, na aliporudi na mzigo kifuani aliukuta mlango wazi, theluji ikiingia mpaka kwenye zulia. Holger alikuwa ameshafika katikati ya ziwa. Alikuwa na soksi tu, amesimama juu ya barafu akiwapigia farasi mluzi. Hospitali ilimkata vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi. Muuguzi alipouliza ilikuwaje, Gunborg alisema, "Alitoka nje kidogo."

Aliyempigia Filippa simu ni jirani yao, Asta. Asta aliishi kusini miaka mingi kabla ya kurudi kuzeekea kwao, na huko alijifunza kuita vitu kwa majina yake, jambo ambalo kijiji hakijamsamehe mpaka leo. Filippa akaahidi kuja tena. Siku moja kabla, Asta akamketisha Gunborg jikoni kwake amfundishe kusema.

"Haya, sema: siwezi tena."

"Nitamwambia ni kazi kidogo."

"Kazi kidogo! Shoga, mumeo amebaki na vidole vinane, wewe unasema kazi kidogo!"

"Basi ni kazi."

"Siwezi tena. Maneno mawili tu, Gunborg, si mzigo wa kuni."

"Watu watasikia."

"Watu gani? Tuko mimi na kunguru."

Gunborg alitazama chini. "Holger atasikia. Nitamsemaje mume wangu mbele ya uso wake, kama ng'ombe anayeuzwa?"

Asta, mdomo wote ule, aliliacha hilo. Alimsihi tu asisugue na asioke, aiache nyumba ionekane ilivyo. Gunborg akakubali. Asubuhi alisugua. Lakini alioka aina tatu tu, na hiyo kwake ilikuwa kuitangaza dhiki hadharani.

Siku hiyo Holger alikuwa na akili timamu kabisa, kwa ubishi ule wa wagonjwa wa namna yake. Alikaa mezani na mguu wake uliofungwa bandeji, akatumbukiza vipande vya jibini kwenye kahawa kama tufanyavyo, akamtania Filippa kwamba amekonda mno, upepo wa huku utambeba. Filippa alicheka sana. Gunborg aliona namna binti yule alivyocheka, akajua kitanda kinamponyoka tena.

"Na wewe, mama, hali ikoje hasa?"

Gunborg alifungua mdomo. "Mambo," alisema, "si mazuri sana."

Nawaambia, kwake hilo lilikuwa yowe. Hakuwahi kusema neno kama hilo tangu azaliwe, hata alipomzika mama yake. Filippa alitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana. Kwa sasa vitanda vimejaa, na wapo walio katika hali mbaya zaidi. Tutaliangalia tena theluji ikiyeyuka, sawa?"

Akajifunga skafu, akaenda ukumbini kuvaa viatu alivyoviacha mlangoni. Theluji ikiyeyuka! Gunborg aliuona msururu wa usiku uliokuwa mbele yake, kiti, mlango, mikono ile mikubwa. Alimfuata. Filippa alikuwa ameshavaa buti moja. Gunborg akainama, akanyakua lile la pili, akalikumbatia.

"Siwezi," alisema.

"Mama?"

"Siwezi tena. Ananipiga bila kunijua. Silali. Siku ile nilipomwona kule kwenye barafu, nilisimama. Unanielewa, binti? Niliweka kuni chini, nikasimama. Nikawaza, nikichelewa kidogo tu yatakwisha. Ni mume wangu, na nilisimama nikamtazama. Nakuomba, nisaidie kabla sijasimama tena."

Alikuwa analia kwa sauti, buti likimchafua sweta, wala hakujali. Filippa alikaa kwenye benchi la ukumbini, mguu mmoja una soksi tu, akasahau kuomba kiatu chake.

Ndipo wakamwona Holger. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika fremu kwa ajili ya mguu wake, na alikuwa amesikia kila neno. Gunborg alitamani ardhi immeze.

"Umesikia, binti?" Holger alimwambia Filippa. Sauti yake ilikuwa ya ukali. "Huyu mama msaidieni leo hii. Mtu wa huku hasemi hivyo mpaka maji yamemfika shingoni."

"Ndiyo, mzee," Filippa alisema taratibu. "Nimesikia. Leo leo nitalishughulikia."

"Huyo mume wake ni mtu gani? Hana haya?"

Gunborg alikuwa bado amelikumbatia buti. Holger akachechemea mpaka alipo, akamwekea mkono begani kwa upole, kama mtu anavyomgusa mgeni.

"Usirudi kwake, mama. Lala hapa kwetu. Mke wangu ni mtu mwema kuliko watu wote ninaowajua, hatakukatalia. Ngoja nimwite."

Akageuka, akaingia jikoni kumtafuta.

"Gunborg!" aliita. "Gunborg, njoo, tuna mgeni!"