A Yenye Mkia

Mwalimu wa kwaya yetu hapa Ushirombo alinitoa kwenye kwaya kwa sababu ya pua. Nina king'ong'o tangu utotoni. Nikiongea, nusu ya sauti hupita puani. "Unatuharibia nyimbo, kama mtu mwenye mafua," alisema, na wenzangu wakacheka. Kwetu anayetolewa huikunja sare yake mbele ya kwaya nzima, akamkabidhi mwalimu na kumshukuru. Nikaikunja. Nikashukuru. Jumapili iliyofuata nikamwona shemeji yake amevaa sare yangu, kitenge kile chenye pindo nililolishona kwa mkono. Kuimba ndiko kulikokuwa kunanivusha wiki nzima. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na sikuungama.

Baadaye sista wa zahanati, Mpolandi, akawa anarudi kwao. Akaomba wimbo mmoja wa kwao katika misa ya kumuaga, akaifundisha kwaya mwenyewe. Rafiki yangu wa sauti ya kwanza alinisimulia yote, tukacheka mpaka machozi. Sista aliandika ubaoni a yenye mkia mdogo chini. Akasema inakaribia o, ila ipite puani, na wimbo ulijaa herufi hiyo. Akinamama wakaimba "on". Wanaume wakaimba "omu". Mwalimu alipojaribu, akatoa mlio wa ng'ombe aliyekwama matopeni. Sista akasema majirani zao wa Lithuania nao wanayo, ila siku hizi wanaivuta tu, haipiti tena puani.

"Basi sisi tuimbe Kilithuania!" mwalimu akadakia.

Sista hakucheka. Akauliza, yule mama muuza dagaa yuko wapi?

Kesho yake mwalimu akaja kwenye meza yangu ya dagaa sokoni. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote.

"Marahaba. Ng'wanawane, mwanangu, yaishe. Njoo utuimbie."

"Nitakuja, mwalimu. Lakini nataka sare yangu. Ile ile."

"Ile ina mtu."

"Basi mtu huyo aimbe."

Siku ya mazoezi ya mwisho shemeji yake aliivua mbele ya wote, akabaki na fulana na khanga. Nilimwonea huruma kidogo, si sana.

Kwenye misa niliimba mistari ile peke yangu. Kila a yenye mkia niliipitisha puani, pale pale paliponitia aibu. Sista alijifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika. Mwalimu alikuwa mbele yangu akiniongoza kwa mikono, hana pa kutazama isipokuwa pua yangu.

Tulipotoka nje alikuwa anang'aa. "Jumamosi tunaanza nyimbo za Krismasi. Sauti ya kwanza utaiongoza wewe."

Nikaivua sare juu ya gauni langu. Nikaikunja taratibu, kwaya nzima ikitazama, nikamwekea mikononi.

"Asante, mwalimu," nikasema, kwa pua yote niliyopewa na Mungu.